Kutembea Mikono Mitupu

Ukitangaza hapa Nakivale kwamba Jumamosi utawapeleka vijana kutembea kando ya kinamasi, watu hawakuulizi saa ngapi. Wanakuuliza: kutafuta nini? Na ukijibu kwamba hatutafuti kitu, tunatembea tu, tunaangalia ndege na mafunjo halafu tunarudi, mtu anakutazama kama mgonjwa wa malaria. Mama mmoja wa kwetu Kivu aliniambia bila kuzunguka: "Munaenda kuangalia miti. Sawa. Mukirudi, muko na nini mu mikono?"

Swali lile sikulicheka, na sitaki mtu yeyote wa shirika alicheke. Ni swali zito kuliko linavyosikika. Nimelibeba miezi kadhaa sasa, na nimeona linagawanyika mara mbili. La kwanza: je, ni haki kumwomba mtu asiye na ardhi wala kuni apite katika ardhi iliyohifadhiwa bila kugusa kitu? La pili: kama ni haki, inamfaa nini?

Kwanza niwaeleze mahali penyewe, kwa sababu wengine wetu tunaishi hapa miaka bila kupajua. Ziwa Nakivale haliko peke yake. Liko katika mfululizo wa maziwa na vinamasi vinavyolishwa na mto Rwizi, ule ule unaopita Mbarara, na mnyororo huo unafika mpaka Ziwa Mburo, ndani ya hifadhi ya taifa. Mwaka 2006 eneo hili la Mburo na Nakivale liliandikwa katika orodha ya dunia ya ardhioevu muhimu, kwa mkataba uliosainiwa katika mji wa Ramsar, Iran, mwaka 1971. Maana yake ni kwamba Uganda imeahidi mbele ya nchi nyingine kwamba vinamasi hivi vitatunzwa. Kwa hiyo ukikatazwa kulima pale penye mafunjo, si afisa mmoja ameamka vibaya. Ni ahadi, ingawa sisi hatukuwepo ilipotolewa na hakuna aliyetuuliza.

Matembezi yetu ni mafupi. Hayazidi saa moja na nusu, kwenda na kurudi. Tunakwenda kumi na watano, labda ishirini, jua likiwa limeshapanda, kwa sababu viboko wanatoka majini usiku kula majani na alfajiri ndio wanarudi, na hakuna mtu mwenye akili anayesimama kati ya kiboko na maji yake. Mzee mmoja mwenyeji, Munyankole, anatangulia. Sheria zetu ni mbili: hakuna kuchuma, hakuna kurusha jiwe. Basi. Wadogo wanapouliza, "Yaya, tutabeba nini?" nawaambia wabebe macho.

Sasa tulipe pingamizi nguvu yake yote, kwa sababu pingamizi dhaifu ni rahisi kulishinda na halifundishi kitu.

Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kutembea kwa raha ni mambo ya watu walioshiba. Mtu anayetembea kilomita nyingi kutafuta kuni hahitaji kutembea zaidi, anahitaji kukaa chini apumzike. Wasichana wanaokwenda kuni wanajua hatari za njiani ambazo sisi wanaume tunazisikia tu, na wengine hawazisemi kabisa. Ukimwambia msichana kama huyo aje aangalie mti mkavu aliokatazwa kuuchukua, unamfanyia nini? Unamwonyesha chakula nyuma ya kioo. Nimesikia kijana mmoja akisema: "Wanatukataza kuni, halafu wanatuita tukaitazame hiyo kuni ikiwa imesimama." Ni maneno machungu, lakini hayana uongo.

Tena sisi tuliotoka Rutshuru tuna sababu nyingine. Kule kwetu neno "parke" halileti picha ya mapumziko. Virunga ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza Afrika. Wabelgiji waliianzisha mwaka 1925 na kuipa jina la mfalme wao Albert. Kwa babu zetu ilikuwa mstari uliochorwa na mtu mwingine katikati ya mashamba na njia zao. Kwa wazazi wetu ikawa mahali pa kuchoma makala kwa kujificha. Kwetu sisi ikawa mahali wanapokaa watu wenye silaha. Walinzi zaidi ya 200 wameuawa humo katika historia yake, na wanakijiji wengi ambao sijui kama kuna aliyewahesabu. Mtoto wa Rutshuru akiambiwa "twende porini" moyo wake unakimbia kabla ya miguu. Msitu ni mahali pa kukimbilia au pa kukimbia. Kutembea humo polepole hatukufundishwa.

Na kuna jambo ambalo wakimbizi hatupendi kulitaja. Mwaka 1994, mamia ya maelfu ya watu waliokimbia Rwanda waliwekwa katika kambi kuzunguka Goma, kwenye mpaka wa Virunga. Walihitaji kupika. Waliingia msituni na kukata. Mwaka huo huo UNESCO iliiweka Virunga katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Nani wa kulaumiwa? Mama anayepikia watoto wanne kwenye mawe ya volkano? Mimi simlaumu. Lakini mti hauulizi kama aliyeukata alikuwa na sababu nzuri. Unaanguka vile vile. Hapo ndipo ugumu wa swali hili ulipo. Mtu anaweza kuwa hana kosa, na hasara ikabaki pale pale kwa yule atakayekuja baada yake.

Wengine hujibu kwa njia ya mkato: basi weka walinzi, weka faini, watu wataogopa. Historia ya majirani zetu wa Mburo inaonyesha mkato huo unafika wapi. Mwaka 1983 serikali ya wakati ule iliifanya Mburo kuwa hifadhi ya taifa, na wafugaji wa Kihima waliokuwa wakiishi na kulisha humo wakaondolewa bila fidia. Miaka michache haikupita. Serikali ilipoyumba, mwaka 1985, walirudi. Waliwafukuza watumishi, wakabomoa majengo, wakaua wanyama kwa wingi. Je, walikuwa watu wasiopenda wanyama? Hapana, walikuwa wameishi nao vizazi na vizazi. Lakini mnyama alikuwa amegeuzwa kuwa sababu ya wao kufukuzwa, na walitaka sababu hiyo iishe. Mwaka 1987 serikali mpya ilipima upya mipaka, na hifadhi ikabaki chini ya nusu ya ukubwa wake wa kwanza. Baadaye sheria ikaweka kwamba asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi irudi kwa jamii zinazoizunguka. Watu walijifunza, ila kwa gharama kubwa.

Mimi nachukua somo hili: ardhi inayotunzwa kwa katazo peke yake inatengeneza maadui wake yenyewe. Anayeambiwa "usiingie" miaka kumi hajifunzi kupenda kilicho ndani. Anajifunza kungoja siku ambayo mlinzi hayupo.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la kwanza ni hili. Kumwomba mtu asiguse kunaweza kuwa haki, lakini kwa sharti moja: yule anayelipa gharama ya kutunza lazima awe na ruhusa ya kuingia na kukijua anachokitunza. Hapa kinamasi, gharama hiyo haimwangukii mtu wa Kampala wala wa Geneva. Inamwangukia mama ambaye angeweza kupanda mahindi pale penye udongo mweusi, akaacha. Inamwangukia kijana ambaye angeweza kukata mafunjo yote auze mikeka, akakata machache. Hao ndio wanaolipa. Ukichukua malipo ya mtu halafu ukamfungia mlango, hiyo si hifadhi. Ni unyang'anyi wenye ubao wa rangi ya kijani.

Mashariki mwa Afrika tuna mfano mzuri wa mlango kufunguliwa. Msitu wa Karura, Nairobi, ulikuwa unagawiwa kwa wajenzi katika miaka ya 1990. Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha shughuli za Green Belt mwaka 1977 akiwa na wanawake wa vijijini, alikwenda pale na wenzake kupanda miti, na Januari 1999 walipigwa hadi yeye akaumia kichwani. Leo msitu upo, na watu wa Nairobi wanatembea humo. Tazama vizuri walivyofanya. Waliuokoa kwa kuingia na miche mkononi huku wengine wakitaka wasikanyage. Kama kila mtu angekubali kwamba msitu ni jambo la wakubwa, leo pangekuwa na nyumba.

Sasa swali la pili, lile la mama: tukirudi, tuna nini mikononi?

Jibu la ukweli ni kwamba hatuna kitu. Na mimi sitaki kulipamba. Matembezi hayapiki maharage. Mtu wa mradi akikuandikia ripoti kwamba saa moja kando ya ziwa imeondoa majonzi ya vijana, mwulize usiku wake vijana wale walilala wamekula nini. Lakini mikono mitupu si sawa na kurudi bure, na hapa naomba uvumilivu wako, ndugu msomaji.

Fikiria siku ya mkimbizi. Asubuhi unahesabiwa. Unaonyesha kadi. Unapanga foleni ya maji, foleni ya chakula, foleni ya kusikiliza jina lako. Kila anayekuja kukuona anakuja na swali la mahitaji: mko wangapi, mmepungukiwa nini, nani mgonjwa. Ni maswali mazuri, na yasipoulizwa tutakufa. Lakini ukiulizwa hayo tu mwaka baada ya mwaka, unaanza kujiona wewe mwenyewe kama orodha ya mapungufu. Na ubaya wake ni kwamba unaanza kuona vitu vyote hivyo hivyo. Mti ni kuni. Ndege ni nyama. Jirani ni mtu aliyepata simu ya kuhamishiwa Kanada kabla yangu. Dunia nzima inakuwa ghala, na mimi nimesimama nje na gunia.

Kwenye matembezi, kwa saa moja, unakutana na kitu ambacho hakikuhitaji na wala hukihitaji, na bado mnatazamana. Korongo mwenye taji, yule aliye kwenye bendera ya Uganda, anatembea kwenye majani mafupi kama mzee anayekwenda kuoa. Kila kijana anamjua kwa jina la kwao. Wanyarwanda na Warundi wanamwita umusambi. Ni ndege anayepungua, yuko katika orodha ya dunia ya walio hatarini, na anataga mayai machache tu, juu ya kiota cha majani humo humo kinamasini. Kinamasi kikilimwa, hana pa kutagia. Nimeona vijana wagomvi, wasionyamaza hata kwenye msiba, wakisimama kimya dakika nzima kwa sababu yake. Hakuna aliyewaamuru.

Je, huo ukimya ni maadili? Nadhani ndio mwanzo wake. Kukitazama kitu bila kukiuliza bei ni zoezi, kama mpira ulivyo zoezi. Na anayelifanya kwa ndege anaweza kulifanya kwa mtu. Tena sisi wakimbizi ndio tunaolihitaji zaidi litufanyike. Tunataka nini kwa wenyeji wetu, kama si kutazamwa hivyo? Wasituone kama mzigo, wasituone kama kura wala kama mradi. Watuone tumesimama hapa, tupo, na kuwepo kwetu kunatosha kuheshimiwa. Siwezi kudai jicho hilo kwa wengine huku langu mwenyewe halijui kulitoa.

Kitu kingine kinachorudi nasi ni majina. Siku ya kwanza mzee wetu mwenyeji alishika unyasi mrefu akasema jina lake kwa Kinyankole. Msichana wa Kinyabwisha akaruka: "Sisi tunasema urufunzo!" Na Kiswahili ni mafunjo. Sikiliza jinsi maneno hayo yanavyofanana. Mzee akacheka, akasema basi nyinyi si wageni sana. Mimi nimehudhuria warsha nyingi za kuishi kwa amani kati ya wakimbizi na wenyeji, na chai yake nimeinywa. Sijaona iliyofanya kazi ile kwa neno moja.

Mtu atasema: haya yote ni ya nini, na sisi ni wapita njia? Leo uko Nakivale, kesho uko Amerika au umerudi kwenu. Kwa nini mpita njia atunze kinamasi cha watu?

Hili ndilo pingamizi ninaloliona gumu kuliko yote, na ni Nakivale yenyewe iliyonipa jibu. Makazi haya yalipokea Wanyarwanda waliokimbia kuanzia mwaka 1959. Walikaa miaka zaidi ya thelathini, wakazaa, wakazika. Mwaka 1994 wengi wao walirudi. Halafu tukaja sisi wengine, Wakongo, Warundi, Wasomali, na Wanyarwanda wengine tena. Maji tunayokinga bombani yanavutwa kutoka ziwa hili hili na kusafishwa. Na kabla mashine haijayasafisha, mafunjo yameshafanya kazi ya kwanza: yanazuia tope linaloshuka kutoka milima tunayolima, na samaki wadogo wanajificha kwenye mizizi yake mpaka wakue. Kwa maneno mengine, kila asubuhi tunakunywa kitu ambacho wapita njia waliotutangulia hawakukimaliza. Hawakutujua. Hawakujua hata kama tutakuja. Na kwa jinsi dunia inavyokwenda, hakuna mtu mwenye akili anayeamini kwamba sisi ndio wa mwisho. Kuna mtoto ambaye hajazaliwa, katika nchi ambayo leo ina amani, atakayeshuka kwenye lori hapa na ndoo tupu.

Kwa hiyo wajibu wetu hautokani na kumiliki. Hatumiliki. Unatokana na kupokea. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ndivyo tulivyofundishwa. Sisi siku yetu ya tatu ilipita zamani sana. Na jembe la mgeni si la kulimia tu. Kuna mahali ambapo kazi yake ni kujua pa kulisimamisha.

Namalizia kwa maneno mawili ya wazi, moja kwa kila upande.

Kwa ndugu zetu wa mashirika. Matembezi yasiwe badala ya kuni. Leteni majiko yanayokula kuni chache, leteni miche ya miti inayokua haraka ya kukatwa, halafu ndipo mtuombe tuiache ile mingine. Anayekataza kuni bila kuleta moto amekataza kula. Msituongoze nyinyi, mlipeni mzee mwenyeji anayezijua njia. Na mkija kutembea nasi, mje bila kamera angalau mara moja. Mtu hawezi kujifunza kutazama huku yeye mwenyewe anapigwa picha akitazama.

Kwa wenzangu wa kambini. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa uhuru wa kwenda na kurudi. Tumezoea kuutumia kwenda sokoni, kwenda kibarua, kwenda kuulizia jina ofisini. Ni haki yetu pia kuutumia kwenda mahali ambapo hakuna foleni. Yule mama niliyemtaja bado hajakubali kuja, na sitamlazimisha. Ana watoto na ana moto wa kuwasha, na hoja yake haijafa. Lakini mtoto wake wa pili huja. Mara ya mwisho alimwambia mama yake asimwage maji ya sabuni kwenye mtaro unaoshuka kinamasini, kwa sababu kuna mayai kule chini. Mama alinisimulia hilo huku amekasirika, kisha akaniuliza ni mayai ya nini.

Jumamosi tunaondoka saa tatu asubuhi, kutoka uwanja wa mpira. Vaa viatu vya kufunika vidole. Panga liache nyumbani.